Barua ya dola 112,000: chuo kidogo cha Marekani kinauza nini, na kwa bei gani

Mwezi wa nne mwaka jana, saa nne usiku, mzee mmoja wa Tukuyu alinipigia simu. "Mwalimu, samahani kwa usiku huu. Kijana kapata chuo Marekani. Wamempa dola laki moja na kumi na mbili elfu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza asipige kelele watoto wakaamka. Kisha akashusha sauti. "Ila barua imeandikwa college. Sasa ni chuo, au ni chuo kikuu? Na huku chini wanasema shahada ya sanaa. Huyu kasoma PCM, anataka fizikia. Sanaa ya nini tena?"

Nilimwomba kijana anitumie barua kwa WhatsApp. Maswali mawili ya mzee yalikuwa na majibu ya kumtuliza, na nikamtuliza usiku uleule. Kilichoninyima usingizi ni zile dola laki moja na kumi na mbili elfu.

Nimesoma katika chuo kidogo cha namna hiyo, katikati ya Marekani, na kwa miaka kadhaa sasa nawasaidia vijana waliomaliza kidato cha sita kuomba. Nimegundua kwamba karibu kila neno katika barua hizi linamaanisha kitu kimoja kwao na kingine kwetu.

Tuanze na hilo la college. Kwetu neno hilo linamleta mtu kwenye chuo cha ualimu, chuo cha uuguzi, VETA, mahali pa cheti na stashahada. Ukisema mtoto yuko college, jirani anajua hakufika chuo kikuu. Marekani neno hilo halitaji ngazi. Williams College, kilichoanza mwaka 1793 katika milima ya magharibi ya Massachusetts, kinatoa shahada ya kwanza sawa na ile ya Harvard, na bodi inayoipa Harvard ithibati ndiyo hiyohiyo inayoipa Williams. Tofauti iko kwenye nani anafundishwa. Chuo kikuu kikubwa kina wanafunzi wa uzamili na uzamivu, maabara za utafiti, hospitali, pengine kitivo cha sheria. Chuo kidogo kimeamua kufundisha watu wa shahada ya kwanza, basi. Wanafunzi wote kwa pamoja mara nyingi hawafiki 3,000, idadi ambayo baadhi ya shule zetu za sekondari za mjini zinaikaribia.

Neno la pili ni baya zaidi. Barua ilisema "liberal arts", ambayo wafasiri wetu huiita sanaa huria. Mtu wa Tanzania akisikia sanaa anawaza Bagamoyo, ngoma na maigizo. Akisikia huria anawaza Chuo Kikuu Huria, kile cha kusoma ukiwa nyumbani. Ukiyaunganisha unapata picha ya kijana anayesomea uchoraji kwa posta. Mzee wa Tukuyu alikuwa na haki ya kushtuka.

Huria hapa ni uhuru wa mtu. Jina lilitokana na Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa elimu inayomfaa mtu huru, tofauti na kazi ya mikono aliyofundishwa mtumwa. Ulaya ya zama za kati iliihesabu kuwa masomo saba, matatu ya maneno na manne ya hesabu. Yataje kwa Kiswahili uone yanavyosikika: nahau (yaani sarufi), mantiki na balagha (ufasaha wa kusema), kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki (elimu ya nyota). Ukiacha muziki, na pengine jiometri, hiyo ni orodha ambayo mwanazuoni wa Lamu au Unguja wa zamani angeitambua mara moja, maana nahau, balagha, mantiki na falaki zilisomeshwa kwenye darsa za pwani yetu, na maneno yenyewe tumeyapata huko. Kwa hiyo wazo si geni kama linavyoonekana. Kabla mtu hajawa kadhi au mfanyabiashara, ajue kwanza kusoma maandishi kwa makini, kupanga hoja, kuisema, na kuhesabu.

Vyuo vya leo vimeongeza fizikia, uchumi, saikolojia, kompyuta na mengine mengi, lakini jina limebaki, na shahada pia. Ukisoma fizikia Amherst unahitimu na Shahada ya Sanaa. Ukisoma kemia, hivyohivyo. Chuo hicho hakina shahada nyingine ya kukupa. Anayehitimu huenda kusoma uzamivu wa sayansi popote duniani bila mtu kumuuliza lile neno sanaa limetoka wapi. Atakayeulizwa ni yule anayerudi nyumbani, kwa hiyo namwambia kila kijana atunze nakala za alama zake na maelezo ya kila somo alilosoma, kwa sababu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itakapolinganisha cheti cha nje itataka kuona kilichomo ndani.

Hata neno binafsi linahitaji maelezo. Kwetu watu wengine bado wanadhani chuo binafsi ni cha aliyekosa nafasi cha serikali, na kwamba kina mwenyewe anayekula faida. Vyuo ninavyovizungumzia havina mwenye mali. Vinaendeshwa na bodi ya wadhamini, na vingi vilianzishwa na makanisa wakati Wamarekani walipokuwa wakihamia magharibi: Oberlin huko Ohio mwaka 1833, Grinnell huko Iowa mwaka 1846, Carleton huko Minnesota mwaka 1866. Oberlin ilikubali kudahili wanafunzi weusi mwaka 1835, miaka 30 kabla utumwa haujafutwa nchini humo, na miaka miwili baadaye ikawaingiza wanawake wasome shahada pamoja na wanaume. Ilikuwa rahisi zaidi kwa mahali padogo kuwa na msimamo.

Sasa, ukifika humo ndani unasoma vipi?

Kwanza, huchagui fani siku ya kwanza. Kijana aliyetoka PCB, ambaye tangu kidato cha tano hajagusa historia, anaambiwa achukue masomo manne kwa muhula, na yasitoke sehemu moja. Anaweza kuwa na kalkulasi, biolojia, falsafa na Kichina katika wiki moja. Somo kuu hulitangaza mwisho wa mwaka wa pili. Vyuo vingine vinalazimisha kila mtu aguse sayansi, lugha, jamii na sanaa. Grinnell inalazimisha semina moja tu ya mwaka wa kwanza, mengine yote mwanafunzi anapanga na mshauri wake. Mfumo wetu wa tahasusi unamfungia mtu milango akiwa na miaka 16 au 17. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la kusikitisha, na nimeona vijana wenye akili wakigundua wakiwa na miaka 20 kwamba walichokipenda siku zote kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Pili, na hili ndilo kubwa, huwezi kujificha. Semina yangu ya kwanza ilikuwa na watu 12 kuzunguka meza moja ya mbao. Nilikuwa nimesoma kurasa zote nilizoagizwa, nimepiga mstari, nimeandika pembeni. Nikakaa kimya kwa wiki tatu. Nyumbani nilifundishwa kwamba mwanafunzi mwenye adabu anasikiliza, anaandika, na anajibu akiulizwa. Mwisho wa wiki ya tatu profesa aliniita ofisini. Alikuwa mama wa makamo, ana birika la umeme nyuma ya mlima wa vitabu. Alinimiminia chai, akafungua kitabu changu, akasoma maneno niliyoandika pembeni kwa penseli, kisha akaniuliza: "Haya yote unamwekea nani?" Asilimia 20 ya alama za somo lile zilikuwa za kuzungumza, na mimi nilikuwa na sifuri. Wiki iliyofuata nilizungumza mara moja, sauti ikitetemeka. Mwenzangu wa mbele akanipinga papo hapo, kwa heshima, akitaja ukurasa. Hakuna aliyeona ajabu.

Nasimulia hilo kwa sababu ndipo penye bidhaa yenyewe. Chuo kidogo hakina wanafunzi wa uzamivu wa kusahihisha kazi za watoto wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo profesa anasahihisha mwenyewe, anakujua jina, anajua ulipokwama. Williams wamelifikisha mbali zaidi: wana masomo ambayo darasa zima ni wanafunzi wawili na profesa mmoja. Wiki hii mmoja anaandika insha na kuisoma, mwingine anaichambua. Wiki ijayo wanabadilishana. Jaribu kufika hapo hujasoma.

Ukitaka kuona inavyozaa, kuna kisa cha Grinnell. Mwaka 1948 mwalimu wa fizikia aitwaye Grant Gale alisikia kwamba maabara za Bell zimegundua kifaa kipya, transista. Mmoja wa wagunduzi, John Bardeen, alikuwa akifahamiana naye tangu ujana wao Wisconsin, na mkuu wa maabara zile alikuwa mhitimu wa Grinnell. Gale akaomba, akapatiwa. Ndivyo darasa dogo katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa lilivyokuwa kati ya ya kwanza kabisa duniani kufundishwa transista. Mwanafunzi mmoja wa darasa lile, Robert Noyce, nusura asihitimu, maana alikuwa ameiba nguruwe wa mkulima kwa ajili ya karamu ya bweni. Gale ni mmoja wa waliomsimamia asifukuzwe moja kwa moja; akasimamishwa muhula mmoja, akarudi, akamaliza mwaka 1949. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wavumbuzi wa saketi unganishi, yaani chipu, na, mwaka 1968, mmoja wa waanzilishi wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta. Kwenye ukumbi wa watu 600 sidhani kama kuna mwalimu ambaye angejua ni nani huyo wa kumtetea.

Na mfano wa kwetu upo. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 na ile safari ya wanafunzi kwenda Marekani iliyopiganiwa na mwanasiasa Tom Mboya. Hakupelekwa New York. Alipelekwa Atchison, mji mdogo wa Kansas kando ya mto Missouri, kwenye chuo cha wasichana cha masista wa Kibenediktini kilichoitwa Mount St. Scholastica. Alisoma biolojia, na pembeni kemia na Kijerumani, akahitimu mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa uzamili. Tunamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, lakini angalia kazi yenyewe ilidai nini: kujua mmea unavyoishi, kukaa na akina mama kijijini, kuandika barua kwa wakubwa, kusimama mbele ya umati. Sisemi Kansas ndiyo iliyompa yote hayo. Nasema mwanabiolojia aliyezoeshwa masomo ya biolojia peke yake angekuwa na mwendo mrefu zaidi.

Kuna mambo vyuo hivi haviwezi, na ni vizuri mzazi ayajue mapema. Havitoi udaktari. Marekani tiba na sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vyao vya tiba hudahili wageni wachache sana. Kijana mwenye ndoto ya koti jeupe yuko karibu zaidi na ndoto yake akienda MUHAS. Uhandisi upo kwenye vichache, kama Swarthmore, Smith na Harvey Mudd. Miji ni midogo, baridi ya mwezi wa kwanza inauma masikio, na unaweza kuwa Mswahili peke yako katika wilaya nzima. Jina la chuo halitamsisimua mwajiri wa Dodoma. Udogo ule unaokufanya ujulikane na mwalimu unakufanya pia ujulikane na kila mtu. Ukigombana na rafiki, utamkuta kwenye foleni ya chakula jioni, na kesho, na keshokutwa.

Nirudi kwenye ile barua.

Gharama ya mwaka mzima, yaani ada, bweni, chakula na bima, kwenye vyuo vinavyojulikana zaidi imeshapita dola 80,000. Hiyo ni bei ya kwenye bango. Wanaoilipa yote ni wachache: kwa wastani vyuo binafsi vya Marekani vinamrudishia mwanafunzi mpya zaidi ya nusu ya ada kama punguzo. Ni sawa na bei ya kitenge sokoni, anayetaja na anayenunua wote wanajua si bei ya mwisho. Tatizo ni kwamba punguzo wanaliita ufadhili, na sisi tukisikia ufadhili tunaelewa kwamba mtoto amelipiwa.

Chuo alichopata kijana wa Tukuyu kilikuwa kinagharimu dola 70,000 kwa mwaka. Barua iliandika kwa herufi nene: dola 112,000. Chini, kwa herufi za kawaida: kwa miaka 4. Maana yake dola 28,000 kwa mwaka. Zinabaki 42,000. Kwa miaka 4 ni dola 168,000, ambazo kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi milioni 420. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili nikitumaini nimekosea.

Watu huuliza kama kijana hawezi kufanya kazi akajilipia. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi za ndani ya chuo, kuosha vyombo au kukaa dawati la maktaba, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Tuseme analipwa dola 12 kwa saa kwa wiki 32: ni dola 7,680 kabla ya kodi. Pengo halizibiki. Tena, kabla chuo hakijatoa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza, lazima familia ionyeshe kwa nyaraka kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Barua ile isingemfikisha hata kwenye dirisha la ubalozi.

Vyuo vinavyoweza kweli kumsomesha mtoto wa mkulima vipo, na kinachovitofautisha ni wakfu. Neno hili tunalijua: mali iliyofungwa isiuzwe, matunda yake yatumike. Grinnell, yenye wanafunzi kama 1,700, ina mfuko wa wakfu unaozidi dola bilioni 2. Kwa kawaida vyuo hutumia asilimia 4 hadi 5 ya mfuko kila mwaka. Chukua asilimia 4.5 ya bilioni 2, unapata milioni 90. Gawa kwa wanafunzi 1,700, ni kama dola 53,000 kwa kila kichwa kabla mzazi yeyote hajatoa senti. Chuo cha aina hiyo kinaweza kukwambia: tupe hesabu za familia yako, tutajua mnaweza kulipa kiasi gani, kinachobaki tunabeba.

Hata hapo kuna tofauti. Amherst na Bowdoin hawaangalii uwezo wa fedha wakati wa kuamua nani aingie, hata kama mwombaji ni mgeni. Vyuo vingine vyenye wakfu mkubwa vinaangalia: ukiomba fedha nyingi nafasi yako inapungua, lakini ukishakubaliwa wanakulipia pengo lote. Wanaobaki, na ndio wengi, hutoa punguzo kama lile la barua yetu, halafu ujitegemee. Berea, huko Kentucky, ina njia yake: hailipishi ada ya masomo kwa mtu yeyote, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Wanaoomba ni wengi, na wageni wanaochukuliwa ni wachache mno.

Wakfu unahusu pia kama chuo kitakuwepo utakapomaliza. Watoto waliozaliwa Marekani walipungua baada ya mwaka 2007, na hao wa 2007 walitimiza miaka 18 mwaka 2025, kwa hiyo chuo kinachoishi kwa ada kinagombania vijana wanaopungua. Green Mountain College kilifungwa 2019, Marlboro 2020. Wells College cha New York, kilichoanza 1868, kilitangaza mwishoni mwa mwezi wa nne 2024 kwamba muhula ule ulikuwa wa mwisho. Mmarekani chuo chake kikifungwa anahamia kingine. Mgeni anahama akiwa na viza inayohesabu siku, na punguzo lake halimfuati.

Kuna jambo la kalenda pia, linalowapotezea vijana wetu mwaka bila kujua. Mtihani wa kidato cha sita ni mwezi wa tano, kisha JKT, na matokeo mwezi wa saba. Vyuo hivi hupokea maombi kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kwanza kwa masomo yanayoanza mwezi wa nane. Anayeshtuka mwezi wa pili amechelewa. Majibu hutoka mwezi wa tatu, na mwisho wa kuitikia ni tarehe 1 mwezi wa tano.

Kwa hiyo tulikuwa na chini ya mwezi. Kijana aliandika kwa ofisi ya fedha ya chuo, kwa adabu na kwa ufupi: baba ni mkulima, kipato cha mwaka ni hiki, je, mna msaada mwingine, na je, mnalibeba pengo lote kwa mwanafunzi wa nje? Walijibu baada ya siku nne. Wameongeza dola 4,000. Nilimpigia mzee mwenyewe, sikutaka asome kwenye simu ya mtoto.

"Kwa hiyo mwalimu, ile haikuwa zawadi. Ilikuwa punguzo."

"Ndiyo, mzee. Punguzo la duka ambalo hatuliwezi."

Akanyamaza kidogo. "Na hayo maduka mengine uliyosema?"

Mwezi wa kumi na moja walikuja wote wawili. Tulikaa mezani kwangu na kompyuta, tukajaza fomu ya fedha inayoitwa CSS Profile, baada ya kuomba msamaha wa ada yake kwenye vyuo vinavyoutoa. Inauliza kila kitu: thamani ya nyumba, akiba benki, madeni, ada za wadogo zake. Ilipofika kwenye mali za familia, mzee alivua miwani, akauliza ng'ombe wanaandikwa wapi. Hapakuwa na kisanduku chao. Kijana akateremka hadi sehemu ya maelezo ya ziada, akaandika kwa Kiingereza, baba yake akisema polepole kwa Kiswahili: ng'ombe watatu, mmoja wa maziwa, migomba nusu eka, ndizi zake zinaliwa nyumbani.